Sauti ya Ukurasa Ukigeuka

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia chumba cha taipu, mjini Kajiado, nikiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Upepo ulikuwa umenisindikiza kutoka stendi, na nilipofungua mlango ukaingia pamoja nami. Karatasi zote zilizokuwa mezani ziliinuka kidogo, kama zinataka kuona ni nani amekuja, kisha zikatulia. Mwanamke aliyeketi karibu na dirisha aliweka kiganja juu ya rundo lake. Hakugeuka.

"Takwenya," akasema.

Nilikuwa nimetoka upande wa Makueni na sikujua hata neno moja la Kimaasai. Nikajibu, "Habari ya asubuhi, mama."

"Mwanamke akiambiwa takwenya anajibu iko. Funga mlango, keti hapo, tuone vidole vyako."

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Ofisi ilikuwa ya mradi wa mifugo. Madaktari wa mifugo walizunguka vijijini, wakarudi na maandishi ya mkono: ripoti, maelekezo ya kutibu, majedwali ya dawa. Sisi wa chumba cha taipu tuliyageuza yakawa karatasi ambazo mtu anaweza kusoma. Yule mwanamke wa dirishani alikuwa Msimamizi wa Nyaraka. Wote walimwita Mama Simaloi, kwa jina la binti yake wa kwanza. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya chini, na nilipokuja kumzoea niligundua kwamba sauti hiyo ilizidi kushuka kadiri alivyozidi kukasirika.

Asubuhi hiyo alinipa jedwali la dawa za ng'ombe nilipige. Nililipiga safi, bila kosa hata moja, nikampelekea nikiwa nimeridhika. Aliinua karatasi kwenye mwanga.

"Nisomee mstari wa mwisho wa huu ukurasa."

"Ni kichwa cha jedwali," nikasema. Kichwa cha jedwali ni ule mstari wa juu unaotaja kila safu ni ya nini: hii ni uzito, hii ni kiasi cha dawa, hii ni siku za kutokunywa maziwa.

"Na ng'ombe wenyewe wako wapi?"

"Wako ukurasa wa pili."

"Mwikali, mtu amesimama kwa jua, ameshika sindano. Mkono mwingine ameshika ng'ombe. Huo wa kufunua karatasi arudi nyuma atautoa wapi?"

Nilirudi kwenye mashine, nikaanza upya.

Ninyi mlioanza kazi mkiwa na kompyuta pengine hamjui kwamba zamani ukurasa haukuisha wenyewe. Mashine ya taipu haikuwa na habari. Ingeendelea kupiga mpaka karatasi iteleze, na mstari wa mwisho upinde kama mtu anayesinzia. Ilibidi ujue mapema utakomea wapi. Mama Simaloi alinifundisha kuweka, nyuma ya karatasi safi, karatasi nyingine iliyo pana zaidi kidogo, yenye namba za mistari pembeni kutoka juu hadi chini. Namba hizo zilichungulia upande wa kulia, na kila ulipotupa jicho ulijua nafasi iliyobaki. Kwa majedwali alinifundisha kutafuta neno refu kuliko yote katika kila safu, kupima upana wake, kisha kuweka vituo vya tabo, yaani vijino vya nyuma ya mashine vinavyoisimamisha karatasi pale namba zinapotakiwa kuanza. Jedwali likiwa pana kupita kiasi tuliilaza karatasi. Likiwa refu, tulilikata mahali ambapo habari zenyewe zinapumua, tukaandika "inaendelea", tukarudia kichwa juu ya ukurasa unaofuata.

Kazi hiyo ilikuwa na ndoto ndani yake. Nilikuwa nikitazama ukurasa mweupe kabla ya kuanza, nikaona jedwali limeshaketi pale kabla ya herufi ya kwanza. Treni ya magadi ilipita kwa mbali, vioo vikatetemeka, na mimi bado niko katikati ya weupe ule nikitafuta mahali pa kusimama. Mama Simaloi alikuwa akinitazama. Hakuniharakisha.

Wakubwa tulikuwa nao wa aina nyingi. Mkurugenzi wa kwanza alipenda kila kitu kiandikwe kwa herufi kubwa. Aliyemfuata hakusoma chochote kilichozidi ukurasa mmoja, na huyo alitufunza kubana maneno kuliko mwalimu yeyote. Lakini tuliyemfanyia kazi kwa muda mrefu zaidi ni Daktari wa Mifugo, mtu mrefu kutoka Wajir, mpole, ambaye Ijumaa mchana aliacha kalamu katikati ya sentensi akaenda msikitini, akarudi akaimalizia palepale. Alitibu ng'ombe wa Kajiado kwa bidii, lakini moyo wake ulikuwa kwa ngamia. Akileta jedwali alikuwa akisema, "Mama Simaloi, tafadhali, usimwache ngamia nje."

"Nitamtafutia mahali," Mama Simaloi alimjibu kila mara.

Miaka ya tisini ilipokuwa ikielekea ukingoni, mradi ulihamia Kitengela. Ofisi mpya ilikuwa mwisho wa mji wa wakati huo, na nyuma yake hakukuwa na kitu ila nyasi. Leo ukisimama pale utaona nyumba za ghorofa na maduka ya saruji. Sisi tuliona mbuga ikienda mpaka macho yachoke. Kuna miezi nyumbu walikuja wengi hadi ua wetu, wakasimama wakitazama kuta, pamoja na punda milia wachache waliochanganyika nao. Wafugaji waliwahamisha ng'ombe wao mbali nyumbu walipoanza kuzaa, kwa sababu ya ugonjwa ambao ndama wa nyumbu huwaambukiza ng'ombe. Mimi nilisimamisha kazi, nikawatazama tu. Walikuwa kimya kwa jinsi ambayo wanyama wengi hawawezi kuwa kimya, halafu mmoja akiguna wote huguna, na chumba kizima kikajaa mguno huo.

Kompyuta zilitukuta Kitengela. Nilidhani kazi yetu imekwisha, maana sasa mashine yenyewe iliamua ukurasa uishie wapi. Kumbe ndiyo ilianza. Kompyuta hukata ukurasa pale nafasi inapokwisha, haijali imekata nini. Ilibidi tujifunze kuiambia: mistari hii ikae pamoja, kichwa hiki kirudiwe juu ya kila ukurasa, mstari huu wa jedwali usipasuliwe katikati. Tena ukiipeleka kazi ileile kwenye kompyuta nyingine, herufi zinanenepa au zinakonda kidogo, mistari inasukumana, na ulichokipanga kwa siku nzima kinahama. Mama Simaloi alijifunza haya yote akiwa mtu mzima, taratibu, bila kuona aibu ya kuuliza.

Ndipo tukapewa kitabu. Kilikuwa kitabu kidogo cha mkononi kwa wale watu wa vijijini waliofunzwa kutibu mifugo ya majirani zao. Kiini chake kilikuwa jedwali moja refu la dawa: ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda na ngamia, wadogo kwa wakubwa. Safu moja ilionyesha dawa ya kunywesha, iliyofuata ilionyesha dawa ya sindano. Namba za kunywesha zilikuwa kubwa, za sindano ndogo sana. Mtu akizichanganya, akadunga kiasi cha kunywesha, mnyama angekufa mikononi mwake.

Tulipokuwa katikati ya kitabu hicho Mama Simaloi alianza kuniomba nimsomee. Alisema anapenda sauti yangu. Nilisoma, naye alisikiliza akiwa amefumba macho, akanielekeza: hapo acha nafasi, hapo vuta mstari juu. Niliona pia kwamba kabla ya kuweka kikombe mezani alikuwa akitanguliza kidole. Sikuuliza.

Asubuhi moja nyumbu walifika. Walijaa dirisha zima, kiti cha Mama Simaloi kikitazamana nao, na vumbi lao likapaka kioo rangi ya asali. Alikuwa amewaelekea kabisa. Mmoja akaguna.

"Wamefika?" akaniuliza.

Nikageuka kumtazama. Nikasema, "Wamefika."

"Ni wengi?"

"Ni wengi, Mama Simaloi. Wamejaza dirisha."

"Ni presha ya macho," akasema. "Jicho la kushoto lilienda mwaka jana. Hili lingine limebaki kuona mwanga tu. Huko hospitali waliniambia hayatarudi. Usimwambie mtu, Mwikali. Wacha kwanza hiki kitabu kiishe."

"Na ukiulizwa?"

"Nikiulizwa nitasema. Lakini naogopa kukaa nyumbani nikiwa sina ukurasa wa kufikiria. Bado nauona wote, unajua? Nikifunga macho nauona vizuri kuliko zamani."

Sikumwambia mtu. Nikawa macho yake, naye akawa kitu ambacho sijui nikiite nini. Nilimsomea upana wa safu na idadi ya mistari, naye alizitandaza kurasa kichwani, akazisogeza huku na huku, na aliponiambia "kata hapo" nilikuwa nikikuta kweli pale ndipo jedwali linapumua. Tulipomaliza, jedwali lote lilikuwa limekatwa baina ya mnyama na mnyama, kichwa kikirudiwa juu ya kila ukurasa. Daktari alilipitia namba kwa namba, akaridhika. Kazi ikapelekwa kwa wapiga chapa Nairobi.

Baada ya muda wapiga chapa walituletea prufu, yaani nakala ya kwanza ya kukaguliwa kabla ya kitabu kuchapwa. Nilikaa karibu na Mama Simaloi nikaanza kumsomea. Nilisoma ng'ombe wote. Nikaingia kwa mbuzi: mwanambuzi, kunywesha hivi, sindano hivi. Mbuzi wa makamo, kunywesha hivi, sindano hivi. Nikafunua, nikaendelea na mbuzi mkubwa.

Mama Simaloi aliinua mkono.

"Umefunua ukurasa."

"Ndiyo."

"Katikati ya mbuzi?"

Nilitazama. Nilikuwa nimezifuata namba, sikuwa nimeutazama ukurasa. Herufi za kompyuta ya wapiga chapa zilikuwa nene kidogo kuliko zetu, mistari ilikuwa imesukumana, na mbuzi mkubwa alikuwa ameangukia ukurasa wa pili. Nikatafuta kichwa juu yake. Hakikuwepo. Agizo la kukirudia lilikuwa limepotea njiani. Zilibaki namba mbili zimesimama peke yake, kubwa na ndogo, na hakuna neno la kusema ipi ni ya sindano.

"Kichwa kimeenda," nikamwambia.

"Na ngamia?"

Nikafunua mpaka mwisho. "Ngamia pia. Wote hawana kichwa."

Sauti yake ilishuka hadi nikalazimika kuinama. "Nipeleke kwa Meneja."

Meneja wa Mradi alikuwa mgeni kwetu, mkazi wa Nkoroi, aliyezoea kufika mapema na kuondoka wa mwisho. Alikuwa amewaahidi watu wa vijijini kitabu kabla ya mvua, kwa sababu mvua ikinyesha barabara nyingi hazipitiki na magonjwa ya mifugo huongezeka. Alitusikiliza akiwa amesimama.

"Wapiga chapa wanataka kuanza kesho," akasema. "Hatuwezi kuwaambia warudishe tu hivyo vichwa?"

"Wanaweza kurudisha," Mama Simaloi akasema. "Lakini watu wetu hawatunzi kitabu kama sisi. Kitalowa, kitakatika, ukurasa mmoja utabaki huku na mwingine utaenda kwa jirani. Nataka kila mnyama akae ukurasa wake, na kichwa chake, na jina lake juu. Ukurasa ukitoka, utoke na mnyama mzima."

"Mama, hapo kitabu kitakuwa kinene. Punda ana mistari michache tu. Utaniachia nusu ukurasa mweupe?"

"Nitakuachia."

Meneja alichukua prufu, akamnyooshea. "Basi nionyeshe kwa hapa unavyotaka."

Prufu ilibaki hewani. Mama Simaloi hakuipokea, kwa kuwa hakuiona. Nilitaka kunyoosha mkono niichukue, lakini alikuwa ameshasikia kimya chetu.

"Bwana Meneja, mimi sioni," akasema. "Macho yangu yameisha. Hiki kitabu nimekifanya na Mwikali akinisomea."

Meneja alishusha mkono, akaketi. Nje kulikuwa na lori linarudi nyuma, na mimi nilimwomba Mungu alitulize.

"Tangu lini?"

"Si jana."

"Unajua sheria za kazi. Sasa nimejua, lazima niandike kwa makao makuu."

"Andika. Sikatai. Nakuomba tu uandike tukishamaliza mbuzi."

Alijipangusa uso kwa viganja vyote viwili. Kisha akachukua prufu, akafungua mwanzo wake, ambapo kulikuwa na dibaji ndefu aliyoiandika mwenyewe, na picha yake. Aliitazama kidogo.

"Mkitoa hii dibaji, kurasa zitatosha?"

Mama Simaloi aliuliza dibaji ni ndefu kiasi gani. Nikamwambia. Akafumba macho, midomo yake ikatembea.

"Zitatosha," akasema.

"Basi itoeni. Nitawapigia wapiga chapa simu wangoje."

Tulifanya kazi mchana ule wote. Mimi nilikuwa kwenye kibodi, yeye amegeuzia uso dirisha, mwanga umemwangukia kifuani. Alinitajia kila ukurasa tokea juu hadi chini kama mtu anayesimulia nyumba aliyokulia: hapa kuna jina la mnyama, hapa kichwa, hapa wadogo, hapa wakubwa, na hapa chini hakuna kitu, wacha kupumzike. Nami nikaona kwamba chini ya punda kulikuwa na weupe mtulivu, kama mbuga asubuhi kabla kitu chochote hakijapita. Daktari alikuja akakaa kimya pembeni na orodha yake ya namba. Tulipofika kwa ngamia, Mama Simaloi alimgeukia.

"Daktari, huyu wako nimempa ukurasa mzima."

"Nimeona," Daktari akasema. Halafu, kwa sababu alikuwa amesikia yote kwa Meneja, akaongeza kwa upole, "Asante kwa kumtafutia mahali."

Safari hii mimi mwenyewe nilikwenda na kazi mpaka kwa wapiga chapa, nikakaa ubavuni mwa fundi wao hadi kila ukurasa ulipotoka kama tulivyotaka. Mvua haikututangulia. Kitabu kilisambazwa.

Meneja aliandika kwa makao makuu kama alivyosema, na kabla mwaka haujaisha Mama Simaloi alistaafishwa. Alipewa blanketi zuri na maneno mazuri. Simaloi, binti yake, alikuja kumchukua ampeleke nyumbani, Mashuuru. Mlangoni Mama Simaloi aliuliza ni nani atakaa kwenye kiti chake. Nikamwambia ni mimi. Akasema, "Kisogeze kidogo kutoka kwa dirisha. Jua la saa tisa linaumiza macho." Ndivyo alivyoondoka.

Nilikalia kiti hicho mpaka na mimi nikastaafu, miaka ile ya elfu mbili ikiwa karibu kwisha. Nikiangalia nyuma sioni vyeo. Naona kurasa, nyingi zisizo na majina, zikienda zake. Ukiwa mtu wa nyaraka hakuna anayekushukuru kwa ukurasa uliokatika vizuri, kwa sababu ukikatika vizuri msomaji haoni kama kuna mtu aliyeukata. Yeye anaona mbuzi wake na dawa yake. Nilipoanza kazi jambo hili lilinisumbua. Siku hizi, nikiketi nje ya nyumba yangu Kitengela jioni, mji ukiwa umeshaimeza mbuga yote, jambo hilohilo linanipa usingizi mwema.

Siku ya kuniaga Daktari alikuja. Alikuwa ameshaacha kazi kabla yangu, mvi zimemjaa ndevuni. Aliniambia alikuwa Wajir kwa ndugu zake, akaingia kwenye duka moja la dawa za mifugo mahali pasipo hata lami. Ukutani, nyuma ya mwenye duka, aliukuta ukurasa wa ngamia umebandikwa. Kitabu chenyewe kilikuwa kimeshachanika na kupotea. Ukurasa huo ulikuwa umebaki, na wafugaji walikuwa wamesimama mbele yake, mmoja anayejua kusoma akiwataja ngamia wadogo na wakubwa, kunywesha na sindano, kutoka juu hadi chini. Mwenye duka hakujua ulitoka wapi.

Wiki iliyofuata nilienda Mashuuru. Mama Simaloi nilimkuta ameketi uani, ukutani penye joto, mikono juu ya magoti. Alikuwa amekonda. Nilimsalimu.

"Takwenya."

"Iko," akajibu, kisha akatabasamu. "Mwikali. Umezeeka kwa sauti."

Niliketi karibu naye, nikamweleza habari yote ya Daktari na duka na ule ukurasa. Hakunikatiza. Mbuzi wa Simaloi walikuwa wakipita kuelekea majini, kengele ya mmoja ikilia polepole, akangoja mpaka wote wamepita.

"Wajir ni mbali?" akauliza.

"Ni mbali sana."

"Mimi sijawahi kufika." Akageuza uso kidogo ukaelekea jua. "Kwa hivyo sasa hivi, huko, kuna mtu amesimama anasoma kitu mimi nilikuwa nimekifikiria nikiwa nimefunga macho."

"Ndiyo, Mama Simaloi."

Alifumba macho. Nami nikamwacha aende Wajir.